Wanachotupa Sisimizi

Mlinipa kadi ya kuniaga yenye sahihi za watu wote, hata za wawili ambao sikuwahi kuwaona, na keki yenye sisimizi wa chokoleti juu yake. Nashukuru. Sisimizi wenu walikuwa na miguu minane. Niliwala hivyo hivyo, lakini nikajiambia kwamba kabla sijarudisha ufunguo wa chumba ni afadhali niwaachie maandishi, maana mtu anayempa sisimizi miguu minane bado ana ya kujifunza. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Neema na Otieno mnakisoma. Wengine watawauliza ninyi, na kuuliza si ujinga. Mimi mwenyewe ningeuliza mapema, kisa nitakachowaeleza hapa kisingetokea.

Nilianza kazi katika chumba hiki cha sisimizi, hapa chuoni Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa msafishaji wa korido za jengo lile lile, na tangazo la kazi nililisoma nikiwa na fagio mkononi. Daktari Ruth, aliyekuwa mkuu wa utafiti, aliniuliza nina ujuzi gani na wadudu wanaolima uyoga. Nikamwambia ukweli: kwetu Uvira, mvua zikianza, mama yangu alitupeleka kwenye kichuguu cha mchwa kuchuma uyoga mpana kama sahani, na tulijua kwamba uyoga ule ni shamba la mchwa, siyo letu, kwa hiyo hatukung'oa wote. Aliandika kurasa mbili. Nadhani hakuwa amepanga kuniajiri, bali alitaka kusikia habari za ule uyoga hadi mwisho, na njia rahisi ilikuwa kunipa kazi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Gurdev. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, fundi mkuu wa chumba cha sisimizi, kilemba cha kijivu na koti jeupe lililopigwa pasi kuliko la daktari yeyote. Alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Wewe natoka wapi?"

"Natoka Uvira, mzee. Kongo."

"Basi tutaongea Kiswahili. Kiingereza tunawekea daktari."

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani kwa baba yake, na changu cha ziwani kwetu. Masikio yake yalinicheka na yangu yalimcheka, lakini tulielewana. Akafungua mlango wa pili, na joto likanipiga usoni, joto lenye unyevu na harufu ya majani yaliyokatwa. Nilikuwa nimekaa Birmingham miaka mitatu. Ilikuwa mara ya kwanza mifupa yangu kukubali kwamba imefika mahali. Nilisimama pale nikaona aibu, maana machozi yalinitoka, na Mzee akageuka kushughulika na kipimajoto ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Kwa wale ambao bado mnachanganya mambo: sisimizi hawa hawali majani wanayokata. Wanayatafuna, wanayafanya samadi, na juu yake wanaotesha uyoga wao, mweupe na laini kama sponji iliyolowa. Uyoga ndio chakula. Bustani ikifa, kundi zima linakufa njaa huku limezungukwa na majani mabichi. Na bustani ina adui. Kuna kuvu nyingine, kimelea, inayoishi kwa kuvizia bustani za sisimizi hawa. Inakula uyoga kwa ndani, kimya kimya, na ukiiona kwa macho ujue imeshakula ya kutosha. Kimelea hiki ndicho Daktari Ruth alichokuwa akikichunguza. Alikifuga kwenye visahani katika chumba cha pili, ng'ambo ya korido, na sheria ilikuwa kwamba anayeingia kule hakanyagi kwetu mpaka kesho yake, ameoga na amebadilisha nguo.

Siku hiyo ya kwanza niliona baadhi ya sisimizi wana unga mweupe kifuani, kama mtu aliyetoka kupika maandazi. Nilikuwa msafishaji kwa miaka mitatu, mkono wangu haukuweza kuvumilia.

"Mzee, hawa wameshikwa na ukungu. Niwapanguse na brashi?"

"Ukipangusa hii, mimi napangusa wewe," alisema. "Hii hapana uchafu. Hii dawa yake. Natembea na dawa kwa mwili, adui akija, napaka."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Kwanza anakuacha uulize swali la kipumbavu, kisha anakujibu kana kwamba lilikuwa la maana. Bahati mbaya, alifundisha kile tu ulichouliza.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kibano, brashi laini ya rangi, maboksi ya plastiki ya kuwekea chakula cha watoto wa shule, na dawa nyeupe inayoteleza tuliyopaka kingoni ili wasitoroke. (Watatoroka. Angalieni nyuma ya friji.) Chombo alichokithamini Mzee kuliko vyote kilikuwa kijiko cha chai, kilichopinda shingo, alichokichukua jikoni kwa mkewe. Ndicho pekee alichokubali kitumike kumbeba malkia. Alisema kibano kinabana hata kama mkono hautaki.

Majani tulitafuta wenyewe. Mimi nilikaa mtaa wa Washwood Heath, na kando ya uzio wa kiwanda cha magari ya mizigo palijaa miiba ya yale matunda meusi ambayo Waingereza hupikia jemu. Majani yake sisimizi wanayapenda, hasa wakati wa baridi ambapo mengine yameanguka. Mlinzi wa kiwanda aliniuliza mara moja ninafanya nini na mkasi na mfuko. Nilimweleza ukweli, na tangu siku hiyo alinisalimu kwa sauti ya upole kama mtu anayeongea na mgonjwa. Mzee yeye alikata uzio wa nyumba yake kule Acocks Green. Mkewe, Mama Surjit, alilalamika kwamba nyumba zote za mtaa zina uzio wa kufika kifuani, wao peke yao wana wa kufika magotini.

Kundi lililokuwa kipenzi chake lilikuwa namba nne. Malkia wake aliletwa kutoka Amerika ya Kati akiwa kijana, na kipande cha uyoga wa kwao mdomoni kama mbegu. Mzee alimlea tangu akiwa peke yake kwenye kikombe hadi akawa na maelfu ya watoto na maboksi sita. Alimwita Memsabu. Tangu Mzee akabidhiwe chumba kile, ugonjwa haukuwahi kuingia, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akijipa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ulikuwa mwaka wangu wa pili, na nilikuwa nimefikia ile hali mbaya ya kujiona najua. Kila asubuhi nilikuta vipande vya bustani kwenye jalala la kundi namba nne, yaani lile boksi la pembeni ambako sisimizi hutupa taka zao. Vingine vilikuwa bado vyeupe upande mmoja. Mimi nimetoka katika nyumba ambako ukiangusha kipande cha muhogo unakiokota, unakipuliza, unakila. Katika kambi ya wakimbizi nilifundishwa hilo tena, kwa ukali zaidi. Kuona chakula kizuri jalalani kuliniuma hasa. Nikadhani wale wafanyakazi wadogo wamevidondosha kwa haraka zao. Basi nikachukua kibano, nikavirudisha juu ya bustani, kimoja kimoja. Kesho yake nikavikuta jalalani tena. Nikavirudisha tena. Nikacheka peke yangu kwamba sisimizi wanasifiwa kwa bidii, kumbe nao wana wazembe wao. Haba na haba hujaza kibaba; kwa wiki mbili nilikijaza kibaba, na sikuandika neno lolote kwenye daftari langu la kila siku, kwa sababu niliona ni msaada mdogo tu, usiohitaji kutangazwa.

Jumatatu moja ya Novemba tulikuta bustani namba nne imebonyea upande mmoja. Weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na juu yake vumbi la hudhurungi. Mzee aliinama akaangalia kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia tena. Nilimwona amezeeka pale pale mbele yangu.

Daktari Ruth alikuja. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliongea kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. Alikumbusha kwamba Ijumaa Mzee ndiye aliyehudumia visahani vya kimelea chumba cha pili, kwa kuwa wanafunzi walikuwa safarini. Akamuuliza kama inawezekana, pengine, alisahau kitu na akarudi kwetu siku ile ile bila kubadilisha koti.

Mzee alitazama mkono wa koti lake.

"Inawezekana," akasema.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu. Daktari Ruth aliandika kitu, akafunga kalamu, na kila mtu mle chumbani alielewa ripoti itasema nini: mzee amechoka, anasahau. Nilimsikitikia. Wakati huo bado nilikuwa namsikitikia tu, kama jirani.

Siku hiyo hiyo tulianza kuokoa kilichobaki. Tulichemsha maboksi mapya. Tulichagua sehemu za bustani zilizokuwa bado nyeupe, tukaomba kipande kizima kutoka kundi namba mbili kiwe mtaji. Mzee alinionyesha jinsi ya kuchagua wafanyakazi: wenye unga mweupe kifuani kwanza. Memsabu alipatikana chini kabisa, amezungukwa na wanawe waliojibana naye. Mzee alininyooshea kile kijiko.

"Beba wewe. Mkono yangu leo hapana nzuri."

Nilimbeba. Sijawahi kubeba kitu chepesi kilichonielemea vile, na nimebeba jeneza.

Hatukumaliza saa moja kabla ya sisimizi wa boksi jipya kuanza kazi. Mmoja alitoka na kipande cha bustani mdomoni, akakipeleka pembeni, akakitupa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikishika kile kipande kwa kibano na nikaanza kukirudisha.

Mzee alinikamata kifundo cha mkono. Alinitazama, na alichelewa kuniachia.

"Acha," akasema taratibu. "Hawa najua nini ya kutupa. Hii kipande nagonjwa. Wao nanusa, naondoa, mbali na malkia. Hii kazi yake tangu kabla ya babu ya babu yetu. Wewe hapana saidia hapa."

Nilikiweka chini kile kibano. Nilihisi baridi ndani ya chumba chenye joto la Uvira. Wiki mbili nzima wale wadudu walikuwa wakibeba ugonjwa kutoka nyumbani kwao, na mimi, mtu mkubwa na msaada wangu, nilikuwa nikiurudisha mezani.

Ungetegemea niseme pale pale. Sikusema. Niliogopa, na sitalipamba neno hilo. Niliona fagio langu likinisubiri koridoni. Jumanne nikanyamaza, Jumatano nikanyamaza. Nilimsaidia Mzee kwa adabu ya kupita kiasi, nikimletea chai hata asipoomba, mpaka akaniuliza kama nimeanza kazi ya hoteli.

Jumatano jioni nilishindwa kula. Mke wangu alipika bugali na sombe (kwenu ugali na kisamvu) kabla ya kwenda mazoezi ya kwaya Castle Vale, na sahani yangu ikapoa. Nikawaeleza yote. Binti yetu Furaha, aliyekuwa na miaka tisa, alinisikiliza vizuri na akanijibu kwa lugha yake.

"They're just ants, Papa."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, koti mkononi. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, kinachosema njo badala ya ndiye.

"Papa Furaha, ile mzee njo alikufundisha kazi?"

"Njo yeye."

"Na sasa wanasema yeye njo aliharibu?"

"Wanasema vile."

"Na weye uko unanyamaza? Ça va pas, haifai. Kesho utasema. Ukirudi hapa bila kusema, bugali utapika weye mwenyewe."

Alhamisi nilimkuta Mzee kwenye chumba cha chai, na biskuti zake mbili za kila siku. Niliketi bila kualikwa.

"Mzee, ile kuvu haikutoka chumba cha pili Ijumaa, ilikuwepo kabla. Ni mimi niliyeieneza. Vile vipande walivyotupa, nilivirudisha. Wiki mbili."

Alichovya biskuti, akaitoa kabla haijakatika. Alikuwa bingwa wa hilo.

"Najua," akasema. "Tangu Jumatatu. Mkono yako lisema."

"Sasa kwa nini hukumwambia daktari?"

"Mimi nangoja wewe."

Tulikwenda pamoja. Nilimweleza Daktari Ruth kwa Kiingereza changu cha fomu na lebo, na yeye alinisikiliza bila kunikatiza. Nilikuwa tayari kuondoka. Kumbe mwanasayansi ukimletea msiba wenye tarehe kamili anausahau ubaya wake. Alitaka kujua ni asubuhi ngapi, vipande vingapi, niliviweka upande gani, kisha akaniomba niandike yote. Baadaye alimgeukia Mzee, akamwomba radhi kwa jina lake kamili, mbele yangu, na ile ripoti akaichana vipande vinne. Kuhusu mimi alisema kitu kimoja tu, kwamba kuanzia siku hiyo kila nitakachokigusa nikiandike. Kile kikaratasi kilichobandikwa ukutani, kinachosema wanachotupa kisirudishwe, kilianza siku hiyo. Mwandiko ni wangu. Mlidhani ni sheria ya chuo.

Hatukujua kama Memsabu ataishi. Wiki ya kwanza sisimizi walitupa na kutupa, na mimi niliketi juu ya mikono yangu isije ikarudisha kitu. Wiki ya pili bustani ilikuwa ndogo kama ngumi ya mtoto. Mzee alikuwa akiingia asubuhi na koti lake la baridi bado mwilini, anatazama, anatoka, ndipo anavua koti. Katika siku yake ya mwisho kazini aliniita. Ukingoni mwa ile ngumi palikuwa na nyuzi mpya nyeupe, na katikati yake mayai, machache, meupe kama chembe za chumvi. Alinipa kile kijiko, akavaa koti, akaenda nyumbani.

Memsabu aliishi miaka mingine minne. Mzee alikuja kumtazama kila mwezi, kwa kisingizio cha kuleta majani. Alifariki miaka kadhaa baadaye, na nilibeba jeneza lake pamoja na wanawe.

Kisa hiki nimewasimulia mara nyingi, kila kijana mpya alipokuja. Mnakumbuka nilivyokuwa nakisimulia: jinsi nilivyokosea, jinsi nilivyojikaza nikaenda kusema. Kilikuwa kisa cha ujasiri wangu, na nilikipenda. Wiki iliyopita, nikisafisha kabati la juu, nilikuta madaftari ya kila siku ya Mzee, ambayo sikuwahi kuyafungua. Nilifungua lile la Novemba ile. Kurasa zote zimeandikwa kwa Kiingereza, joto, unyevu, majani. Ile Jumatatu peke yake ina mistari mitatu ya Kiswahili, lugha ambayo Daktari Ruth hakuisoma:

"Namba nne nagonjwa. Kosa yangu. Mimi nafundisha yeye kulisha, hapana fundisha yeye kuacha. Kama yeye naogopa kusema, basi, ibaki yangu."

Jumatatu. Siku tatu kabla sijafungua mdomo. Hakuwa akiningoja. Alikuwa ameshaubeba mzigo, akaandika, akaenda nyumbani kwake kula. Ile "nangoja wewe" alinipa ili niondoke pale chumba cha chai nikiwa mtu mzima. Nimekaa na zawadi hiyo miaka yote hii nikidhani ni mali yangu niliyoichuma mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda Acocks Green na mkasi, kwa mara ya mwisho, maana Mama Surjit bado anaturuhusu kukata uzio. (Endeleeni kwenda. Bisheni hodi kwanza, na msikatae chai.) Nililichukua lile daftari. Alisema macho yake hayasomi tena, basi nikamsomea mimi, mistari yote mitatu, jikoni kwake.

Mama Surjit alicheka mpaka akashika meza.

"Huyu mzee? Kosa yangu? Miaka arobaini nyumbani hapa, hata moja siku hapana sema hiyo neno."

Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Soma tena," akasema.